Kidokezo Kimekataa Kufumbuka: Dalili, Sababu na Tiba

Malalamiko ya wanaofumbua mafumbo ya maneno ni yale yale, iwe ni hapa Mombasa barazani Kibokoni baada ya alasiri au ndani ya matatu ya kwenda Kisauni: kidokezo hakisomeki, herufi hazitoshi, jibu limeingia lakini hakuna awezaye kulieleza. Mwongozo huu unayapanga malalamiko hayo kwa dalili. Kila dalili inaanza na sababu ya mara kwa mara, kisha zile za nadra. Jaribu jepesi kwanza.

Unahusu fumbo la maneno lenye vidokezo vya mafumbo, si lile la kawaida ambapo "mji mkuu wa Kenya (7)" ni Nairobi na mambo yamekwisha. Kidokezo cha fumbo kina pande mbili. Upande mmoja ni maana ya jibu, kama ungeikuta katika kamusi. Upande wa pili ni mchezo wa herufi au silabi unaokufikisha kwenye jibu lile lile kwa njia nyingine. Nambari iliyo mabanoni ni hesabu ya visanduku.

Vifaa: penseli na kifutio (kalamu ya wino iache nyumbani), karatasi ya pembeni ya kukorogea herufi, na kamusi moja ambayo kundi lote limekubali kuwa ndiye kadhi.

Dalili ya kwanza: "Nimekisoma mara kumi, sijui hata pa kuanzia"

Sababu kubwa ni kusoma kidokezo kama sentensi. Mtunzi anataka uone picha: bahari, samaki, mgeni mlangoni. Picha hiyo ni pazia. Mfano:

*Mdudu ni ndege (5)*

Anayesoma sentensi huanza kubisha.

"Maalim, lakini mdudu si ndege."
"Nani kakwambia ni ndege, mwanangu? Mdudu gani wa herufi tatu?"
"Mbu."
"Haya. Mbu, ni."

MBU, kisha NI kama ilivyoandikwa, vinatoa MBUNI, ndege mkubwa asiyeruka. Hakuna neno hata moja lililokaa bure: "mdudu" limetoa herufi tatu, "ni" limetoa mbili, "ndege" ni maana. Kidokezo kizuri ndivyo kilivyo.

Jaribu la kwanza, basi, ni kuitafuta maana mwanzoni kabisa au mwishoni kabisa mwa kidokezo. Haikai katikati. Chukua neno la kwanza (au mawili, matatu ya kwanza) ujiulize: jibu la visanduku kadhaa lenye maana hii ni lipi? Kisha fanya hivyo kwa mwisho. Pande ni mbili tu, kwa hivyo kazi yako imeshapungua nusu.

Jaribu la pili ni kutafuta neno la ishara, yaani neno linalokuambia ufanye nini. Haya hukaa kwa jamaa:

Kuchafuka, kuvurugika, kulewa, kupepesuka, kukorogwa: herufi zinachanganywa upya.
Kumeza, kukumbatia, kuzingira, tumboni mwa: neno moja linaingia ndani ya jingine.
Kichwa, mkia, moyo: herufi ya kwanza, ya mwisho, za katikati.
Kujificha, kipande cha: jibu limeandikwa mbele ya macho yako, limevuka mpaka wa maneno mawili.
Kinyume, kugeuka: hili lina dalili yake hapa chini, kwa kuwa ndilo linalowasumbua watu zaidi ya yote.

Sababu ya pili, ya nadra kidogo, ni kuwa kidokezo hakina ishara kwa sababu hakina mchezo wa herufi. Ni maana mbili za neno moja zilizowekwa bega kwa bega. *Mnyama juu ya nyumba (3)* ni PAA: paa wa porini, na paa la nyumba. *Mnyama wa kukunia nazi (5)* ni MBUZI. Vidokezo hivi ni vifupi sana, maneno matatu au manne. Ukiona ufupi wa namna hiyo na hakuna neno la ishara, anza kufikiria maneno yenye maana mbili: kaa, mto, ua, panda, kata, kanga. Kiswahili kimebarikiwa maneno haya, na mtunzi mzuri huyapenda kuliko kukoroga.

Ukipita dakika kumi bila kushika upande wa maana, acha kidokezo hicho, nenda kingine. Si kushindwa. Kila jibu jirani litakalopatikana litakupa herufi ya makutano, yaani ya kisanduku ambapo majibu mawili yanakatana, na herufi moja ya makutano ni bora kuliko dakika ishirini za kukodoa macho.

Dalili ya pili: "Nimegeuza, nimepata takataka"

Hapa ndipo wengi waliojifunza mafumbo kwa Kiingereza hukwama, na sababu yake ni ya lugha yenyewe. Kiingereza hugeuza herufi moja moja. Maneno ya Kiswahili karibu yote huishia irabu, na mengi huanza kwa konsonanti. Ukiyageuza herufi kwa herufi unapata kitu kinachoishia konsonanti, na hicho si neno.

*Sanduku la zamani, kinyume: ukosefu wa yakini (5)*

Sanduku la zamani ni KASHA. Geuza herufi: AHSAK. Takataka. Sasa geuza silabi: KA-SHA, SHA-KA. SHAKA ni ukosefu wa yakini. Watoto wa pwani wamekuwa wakizungumza kinyume hiki tangu zama za mabibi, silabi ya mwisho ikipelekwa mbele ili watu wazima wasielewe. Mtunzi wa Kiswahili anakitumia kwa sababu ndicho kinachozaa maneno halisi. Tazama:

*Lima kinyume upate utajiri (4)* ni MALI.
*Choma kinyume: ndiyo ya kuonea (5)* ni MACHO. CH haitenganishwi. Ni sauti moja, inahama pamoja.

Ukishageuza silabi na bado hupati, sababu inayofuata ni neno la silabi tatu. Hapo watu hugawanyika. Kinyume cha mtaani huchukua silabi ya mwisho tu na kuiweka mbele, nyingine zikibaki kwa mpangilio wake. RU-DI-A inakuwa A-RU-DI, si A-DI-RU. Kwa hivyo *Fanya tena, kinyume: arejee (5)* ni ARUDI. Kama kundi lenu linatunga pia, kubalianeni kanuni hii kabla ya kuanza. Mabishano mengi yasingekuwepo kama hili lingesemwa mapema.

Sababu ya mwisho ni kwamba umegeuza neno lenyewe badala ya kisawe chake. Katika mfano wa kasha, aliyegeuza "sanduku" amepata "kusandu", akabaki anakuna kichwa. Mtunzi anaweza kukupa neno lenyewe (lima, choma) au maana yake (sanduku la zamani, fanya tena). Jaribu neno lenyewe kwanza, kisha visawe.

Dalili ya tatu: "Nimekoroga herufi, hakuna neno linalotoka"

*Taarifa: bahari imechafuka (6)*

Kidokezo hiki kinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa kinafundisha mambo mawili kwa wakati mmoja. Bahari kuchafuka ni usemi wa kila siku Mombasa. Mvuvi hukuambia bahari imechafuka na humshangai. Ndiyo maana ishara hii hupita mbele ya macho bila kuonekana. Neno la kawaida kabisa ndilo linaloficha kazi.

Sasa koroga B, A, H, A, R, I. Ukiziandika kwa mstari na kuanza kubahatisha, mpangilio unaowezekana ni 360. Usifanye hivyo. Tumia umbo la neno la Kiswahili. Tenga konsonanti juu na irabu chini:

B H R
A A I

Kwa kuwa neno la herufi sita lenye konsonanti tatu na irabu tatu mara nyingi huenda konsonanti-irabu, konsonanti-irabu, konsonanti-irabu, mpangilio unaobaki ni 18 tu: konsonanti kwa njia 6, irabu kwa njia 3. Mmoja wao ni "bahari" yenyewe. Kama makutano yamekupa H mwanzoni, umebakiwa na 6. HABARI itajitokeza kabla kahawa haijapoa.

Njia hii ikikataa, angalia haya kwa mpangilio huu.

Kwanza, hesabu. Herufi za maneno unayoyakoroga lazima zilingane na nambari ya mabanoni. Zikizidi au zikipungua kwa moja, huenda kuna herufi ya kuongeza au kutoa, na ishara yake ipo mahali pengine katika kidokezo. Wengi hukoroga "bahari imechafuka" yote kwa kusahau kuwa "imechafuka" ni ishara, si malighafi.

Pili, M au N inayosimama mwenyewe mbele ya konsonanti. M-TO, N-CHI, M-BU. Neno la namna hiyo haliingii katika umbo la konsonanti-irabu, basi iweke M au N pembeni kwanza, panga zilizobaki, halafu irudishe mwanzoni.

Tatu, umesimama kwenye neno la kwanza ulilolipata. *Samaki wamevurugika: majira ya mvua (6)*. Kuna anayeona MAKASI haraka, akaandika, akaenda zake. Herufi zinatimia, lakini maana imeachwa. Jibu ni MASIKA. Hatari ya kosa hili ni kwamba MAKASI na MASIKA yanafanana visanduku viwili vya mwanzo. Kama makutano yako yote yapo hapo, hakuna kitakachokuonya mpaka robo nzima ya fumbo iharibike. Makutano ya kutegemea hapa ni kisanduku cha tatu na kuendelea: S dhidi ya K.

Dalili ya nne: "Jibu nalijua, lakini visanduku havitoshi" (au vinazidi)

Hii mara nyingi ni tiba ya dakika moja.

Angalia sauti za herufi mbili. CH, SH, TH, DH, GH, KH, NY na NG huchukua visanduku viwili kila moja katika mafumbo mengi. Ritifaa ya NG' haipewi kisanduku: NG'OMBE ni sita. Jambo hili linatoa nafasi ya mchezo pia. *Wivu wa kale; toa na mizizi (4)* ni NGOA, kwa kuwa "ngoa" na "ng'oa" visandukuni ni kitu kimoja.

Angalia umoja na wingi, kisha ngeli. Maana ikisema "wavunja nyumba", jibu ni la wingi: *Mwezi uliokatwa kichwa: wavunja nyumba (4)* ni WEZI. Maana ikianza na "pa", tarajia mahali. Ikianza na "ya", tarajia jina la ngeli inayochukua "ya", kama MACHO hapo juu. Viambishi hivi vidogo ni zawadi ambayo mfumbuaji wa Kiingereza hana, na ni aibu kuiacha mezani. Kabla hujafikiria jibu, maana yenyewe imeshakuambia linaanza na nini.

Angalia kitenzi: kina KU- au hakina? Maana "kwenda ng'ambo" inataka KUVUKA (6). Maana "nenda ng'ambo" inataka VUKA (4).

Halafu kuna ukaguzi wa visanduku vyenyewe, ambao unatakiwa uwe tabia. Kisanduku cha mwisho cha neno la Kiswahili karibu daima ni A, E, I, O au U. Q na X hazimo. C haisimami peke yake, basi makutano yakikupa C, andika H mbele yake papo hapo. Makutano yakikupa konsonanti katika kisanduku cha mwisho, usiendelee: ama ni jina la kigeni, ama jibu la jirani limekosewa. Anza kumshuku jirani.

Dalili ya tano: "Majibu yetu mawili yanakataana kwenye makutano"

Sababu ya kwanza ni jibu lisiloelezeka, na hiyo ina sehemu yake baada ya hii. Sababu ya pili, kwa Mombasa, ni lahaja.

*Pa kupita, jinsi wasemavyo Mvita (4)*

Asiyesoma hadi mwisho ataandika NJIA. Herufi nne, zinaingia. Jibu ni NDIA, na ushahidi umeandikwa kwenye kibao cha barabara ya Ndia Kuu, Mji wa Kale. Hapa maneno mawili yana urefu mmoja, tofauti ni kisanduku cha pili tu. Afadhali yale yanayotofautiana urefu: KITWA (5) na KICHWA (6), MATO (4) na MACHO (5), kwa kuwa hesabu ya mabanoni inakuamulia.

Kanuni ya haki ni hii: neno la Kimvita (lahaja ya Mombasa) au la Kiamu (lahaja ya Lamu) lazima lionyeshwe katika kidokezo, kwa "Mvita", "Mji wa Kale", "kwa wazee", "kwa mshairi" au mfano wake. Pasipo ishara, jibu ni la Kiswahili sanifu. Na hapa kuna jambo linalouma kidogo kulisema Mombasa: mkutano wa mwaka 1928 ulioamua kwamba Kiunguja, lahaja ya Unguja, ndicho kiwe msingi wa usanifu ulifanyika mjini humu humu. Kimvita, lugha ya tungo za mshairi Muyaka bin Haji, kikabaki pembeni nyumbani kwake. Ndiyo maana mtunzi anayekitumia kwa ishara iliyo wazi anastahili shukrani, na mfumbuaji wa Mombasa hana budi kuzijua lahaja zote mbili.

Sababu ya tatu hujitokeza kidokezo kinaposomwa kwa sauti. Mzee mwenye Kimvita safi anaweza kukataa kabisa kuwa PAA na PAA ni neno moja. Naye ana haki: katika matamshi ya pwani P ya paa mnyama hutoka na pumzi, ya paa la nyumba haina. Kwa sikio lake ni maneno mawili. Lakini fumbo la maneno huhukumiwa kwa maandishi, na maandishi ya sanifu hayaonyeshi pumzi hiyo. Mpe mzee karatasi, asome mwenyewe. Usimbishie kwa mdomo, utashindwa, na utakuwa umekosa adabu juu yake.

Vidokezo vya kusikia ("sikia", "redioni", "masikioni mwa") ni vichache kwetu, kwa sababu Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Vikija, vinategemea wanaochanganya R na L (kalamu, karamu, mahali, mahari) au DH na Z. Jaribu hayo mawili, inatosha.

Dalili ya sita: "Limeingia, lakini sijui kwa nini"

Hili ndilo tatizo zito kuliko yote, kwa sababu halionekani kuwa tatizo. Jibu limekaa, makutano yanakubali, watu wanaendelea. Halafu visanduku vitano baadaye kona nzima inagoma.

Tiba ni kumpa kazi kila neno la kidokezo. Andika pembeni: neno hili ni maana, hili ni ishara, hili ni malighafi, hili ni kiungo. Mfano:

*Kichwa cha mkulima kimemezwa na shaba: pa kulimia (6)*

"Kichwa cha mkulima" ni M. "Kimemezwa na" ni ishara ya kuingiza ndani. "Shaba" ni SHABA. M ndani ya SHABA: SHA-M-BA. "Pa kulimia" ni maana. Hakuna neno lililobaki. Limeelezeka, andika kwa nguvu.

Likibaki neno moja lisilo na kazi, rudi. Sababu ya kawaida ni kwamba umekosea mpaka kati ya maana na mchezo. Usogeze mbele au nyuma neno moja uone. Katika *Nusu ya kaka na mke wa Adamu: kinywaji cha barazani (6)*, aliyechukua "kinywaji" tu kuwa maana atabaki na "cha barazani" likining'inia. Maana ni "kinywaji cha barazani" zima: KA na HAWA, KAHAWA.

Sababu ya pili ni kwamba jibu limefichwa na wewe umelipata kwa kubahatisha maana. *Sehemu ya mguu iliyofichwa hapa jana (4)*: wengi huandika GOTI au PAJA kwa kura. Pitisha kidole juu ya maneno: ha-PA JA-na. Ni PAJA, na GOTI haina pa kusimama. Kwa kidokezo chochote chenye kuficha, kidole kwanza, fikra baadaye.

Sababu ya tatu ni kwamba jibu si hilo. Kama majaribu mawili hapo juu hayajakupa maelezo, lipunguzie nguvu: liandike kwa herufi nyepesi, na usilitumie kama ushahidi dhidi ya jibu la mwenzako ambalo limeelezeka.

Sababu ya nne, ya nadra, ni kosa la mtunzi. Kosa linalojirudia ni neno moja kufanyishwa kazi mbili. *Ndani ya kima si pakavu (6)*. Jibu linalokusudiwa ni KISIMA: SI ndani ya KIMA. Lakini "si" imeshatumika katika mchezo, haiwezi tena kuhesabiwa katika maana "si pakavu". Kilichobaki ni "pakavu", na kisima si pakavu. Kidokezo hiki kina ufa. Kingeandikwa *Si ndani ya kima: pa kuchota maji (6)*, kingesimama.

Kanuni hizi za haki zina umri. Fumbo la maneno lenyewe lilichapishwa kwanza na Arthur Wynne katika gazeti la New York World, tarehe 21 Desemba 1913. Vidokezo vya fumbo vilikomazwa Uingereza miaka ya 1920, na mtunzi aliyejiita Torquemada aliandikia gazeti la Observer kuanzia 1926, vigumu mno na mara nyingi bila huruma. Aliyemrithi, Ximenes, ndiye aliyeandika kanuni za haki kwa msomaji, zilizotoka mwaka 1966: maana iliyo sahihi, mchezo ulio sahihi, na hakuna kingine. Tunaotunga kwa Kiswahili hatuna sababu ya kudai kidogo kuliko hapo.

Dalili ya saba: "Baraza limegeuka ugomvi"

Sababu ya kwanza ni mmoja kutaja jibu kabla wengine hawajasoma. Tiba ni ya zamani. Katika vitendawili mteguaji akishindwa hutoa mji, ndipo mtegaji afumbue. Tumieni mji. Mwenye jibu akae nalo mpaka mwenzake aseme "chukua mji". Kabla ya hapo, msaada utolewe kwa ngazi: kwanza, maana iko upande gani; ikishindikana, ni jamaa gani ya mchezo; ikishindikana, herufi moja ya makutano. Jibu lenyewe ni la mwisho.

Sababu ya pili ni kuulizana "jibu ni nini" badala ya "neno hili lafanya kazi gani". Swali la pili linaweza kujibiwa na kijana wa kidato cha pili na mzee wa miaka themanini kwa usawa, na ndipo mjadala unapokuwa mtamu.

Sababu ya tatu ni kamusi mbili. Mmoja amefungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu, mwingine Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA, na neno lipo huku, kule halipo. Ndiyo maana kadhi lazima awe mmoja, na achaguliwe kabla ya mchezo.

Pa kusimama na kumwita fundi

Simama, usiendelee kufuta na kuandika, ukiona moja kati ya haya:

Majibu mawili yanayokatana, yote yameelezeka neno kwa neno, na herufi ya makutano haipatani. Hapo kosa si lenu. Nambari za visanduku au mraba wenyewe umechapishwa vibaya.

Hesabu ya mabanoni hailingani na visanduku vilivyopo. Hesabuni watu wawili, kila mmoja peke yake, kabla ya kulaumu.

Neno linalotakiwa ni la ushairi, la ubaharia au la Kimvita cha kale, na kamusi ya kadhi haina. Msibuni maana. Mpelekeeni mwalimu wa Kiswahili au mzee wa Mji wa Kale, na mwulizeni maana ya neno bila kumwonyesha visanduku, jibu lake lisije likavutwa na herufi mnazozitaka.

Karatasi imechanika kwa kufutwa. Nakilini mraba upya, na mwingize yale tu yaliyoelezeka. Mengine yote yaacheni wazi, hata kama "yalikuwa yanaingia". Mara nyingi kona iliyogoma hufunguka hapo hapo, kwa sababu jibu bovu halikunakiliwa.

Na mkimwandikia mtunzi, msimwandikie "fumbo lako ni baya". Tajeni nambari ya kidokezo, kulala au kushuka, kisha mpeni kila neno na kazi mliyolipangia, mpaka lile neno mlilokwama nalo. Mtunzi akisoma hivyo ataona ufa wake mwenyewe, au atawaonyesha kazi ya lile neno mliyoikosa.